Dari ya vipande nyumbani: tunaionea

Mwambie fundi wa Dar es Salaam kwamba nyumbani kwako unataka dari ya vipande, zile bodi za sentimeta 60 kwa 60 zinazolala kwenye fremu ya chuma iliyoning'inizwa kwa waya, atakujibu: "Hiyo ni ya ofisini, bosi." Sebule ya mtu aliyejijenga, siku hizi, ni jipsamu yenye ngazi na taa za kujificha. Kwa sura, sibishani. Jipsamu iliyopigwa skimu (plasta laini ya kumalizia) vizuri haionyeshi kiungo hata kimoja.

Mambo huanza kuharibika juu yake. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Miaka ikipita msumari hulegea, mpira wake hukauka, na masika hupata njia. Maji nayo hayadondoki pale yalipoingilia. Hutambaa kwenye mbao ya kenchi, yakatokeza mita kadhaa mbele, na kwenye jipsamu nyeupe hujichora doa la kahawia. Fundi hukata kwa kukisia. Akishaziba, ni skimu, msasa na rangi, na kwa kuwa rangi mpya haifanani na ya zamani, chumba kizima kinapakwa upya. Gharama yote hiyo kwa ajili ya tundu la msumari!

Kwenye dari ya vipande unasukuma bodi juu, unaiinamisha, unaitoa, unamulika tochi. Hebu tupige hesabu. Bodi moja ni mita za mraba 0.36, karatasi ya jipsamu ya mita 2.4 kwa 1.2 ni 2.88, yaani bodi nane. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kinakula bodi 36. Ikilowa moja, 35 hazijaguswa, na ukiwa umeweka chache stoo tangu siku ya kufunga, hununui kitu. Fundi umeme na fundi bomba nao hupitia hapohapo bila msumeno.

Zipo kasoro za kweli. Fremu hushushwa sentimeta 10 au zaidi ili bodi ipate pa kuinamia, na nyumba iliyojengwa fupi itabana. Kuta zikiishia usawa wa dari, maongezi ya chumbani huvuka juu hadi kwa mgeni. Bodi za nyuzi za madini hushuka matumbo kwa unyevu wa pwani. Huku afadhali zile za jipsamu zenye ngozi ya PVC. (Panya hawabagui: watakimbia juu ya dari zote mbili, ya vipande na ya jipsamu.)

Kwa hiyo anayetaka sebule ya kupokelea wageni apige jipsamu yake. Lakini jikoni, bafuni na kwenye korido, ambako mabomba na nyaya hupita, sioni sababu ya kuifunga dari moja kwa moja. Pangaboi tu ndilo lisiachiwe fremu: fimbo yake ipenye kwenye bodi, ifungwe kwenye kenchi.