Mlinganyo mgumu si ule mrefu

Mwulize mwanafunzi wa kemia ni mlinganyo gani unaomtisha, atakuonyesha wenye namba kubwa. Kuungua kwa oktani, kwa mfano:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Ishirini na tano! Mimi huo nauita mlinganyo mpole. Kaboni iko sehemu moja tu kila upande, haidrojeni vilevile, oksijeni unaiacha ya mwisho. Ukijua kuhesabu, umemaliza.

Ugumu wenyewe nilikutana nao darasani, tulipopewa kusawazisha permanganeti ya potasiamu na haidrojeni peroksaidi ndani ya asidi ya salfuriki. Nikahangaika weee, nikapata:

2KMnO₄ + 7H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 10H₂O + 6O₂

Hebu hesabu. Oksijeni 34 kushoto, 34 kulia. Haidrojeni 20 kwa 20. Potasiamu, manganizi, salfa, zote zimetimia. Nikapigwa kosa la wino mwekundu: peroksaidi ni 5, maji 8, oksijeni 5. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa ndivyo ilivyo. Kinyongo hicho nilikaa nacho miaka.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mle ndani mmejificha mimenyuko miwili. Mmoja ni wa permanganeti na peroksaidi. Mwingine ni peroksaidi kujivunja yenyewe: 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂. Huu wa pili waweza kuuongeza mara moja au mara mia na mizani isitikisike, kwa hiyo kwa kuhesabu atomu peke yake majibu hayaishi. Mwamuzi ni elektroni, nazo hazijaandikwa popote. Kila manganizi hushuka namba yake ya oksidisho (chaji ya kuhesabia elektroni) kutoka +7 hadi +2, yaani hupokea elektroni 5. Zikiwa mbili ni 10. Kila peroksaidi hutoa 2, na zinazotolewa lazima zilingane na zinazopokelewa. Basi peroksaidi ni 5, ubishi umekwisha.

Ndiyo maana sikubaliani na mtindo wa kumwambia mwanafunzi "jaribu namba mpaka zilingane". Unamfaa kwa oktani, kisha unamtelekeza pale anapohitaji msaada hasa.

Mtego mwingine ni kitu kimoja kufanya kazi mbili. Shaba na asidi ya nitriki iliyozimuliwa:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Kati ya asidi 8, ni 2 tu zilizopokea elektroni na kugeuka gesi. Zile 6 zimebaki naitreti, zimeshikana na shaba bila kubadilika chochote. Anayedhani naitrojeni yote imefanya kazi moja atazunguka hapo mpaka kengele ilie.

Tena huo ni wa asidi iliyozimuliwa. Asidi ikiwa haijazimuliwa, vitu vya kushoto ni vilevile, ila mlinganyo ni mwingine kabisa:

Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O

Gesi yenyewe imebadilika, ni ile ya kahawia. Na hapo hakuna hesabu itakayokusaidia, maana "HNO₃" iliyoandikwa karatasini haisemi imechanganywa na maji kiasi gani. Hilo inabidi ukalisome kwenye chupa.