"Wenzako Wanakimbia": Ujumbe Unaosukuma, Ujumbe Unaokwamisha

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa asilimia 31 ya watu wazima, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawafanyi mazoezi ya kutosha. Takwimu za namna hii hurushwa mitandaoni ili kuwashtua vijana. Wasiwasi wangu ni kwamba kijana asiyependa kutoka jasho huisoma, akashusha pumzi: kumbe tuko wengi!

Si dhana tupu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, kaya za San Marcos, California, zilielezwa majirani wanatumia umeme kiasi gani. Waliokuwa wakitumia mwingi walipunguza, lakini waliokuwa wakibana matumizi wakalegeza. Ilipochorwa sura ya tabasamu kwenye ujumbe waliopelekewa hao wabanaji, hawakulegeza tena. Wengi wanafanya nini ni habari moja. Jamii inasifu nini ni nyingine.

Wanaotetea ujumbe wa "wenzako wanakimbia" wana ushahidi mzito. Watafiti Sinan Aral na Christos Nicolaides walifuatilia wakimbiaji takribani milioni 1.1 kwa miaka mitano, na mwaka 2017 wakaripoti kuwa rafiki akiongeza kilometa moja, nawe huongeza kama mita 300. Cha kuchekesha, wavivu kidogo ndio waliowasukuma wenye bidii, si kinyume chake. Nadhani hakuna anayetaka kupitwa na aliyekuwa nyuma yake. Ila hao wote tayari walikuwa wakimbiaji. Hatujaambiwa lolote kuhusu yule ambaye hana hata raba.

Tena msukumo huchuja upesi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 ulijaribu mbinu 54 za aina mbalimbali kwa wanachama zaidi ya 61,000 wa jimu. Karibu nusu ziliongeza mahudhurio, lakini baada ya wiki nne za majaribio ni asilimia 8 tu ya mbinu hizo zilizoacha athari ya kupimika.

Ndiyo maana naziamini zaidi klabu za jogingi za Dar es Salaam, zenye fulana za sare na nyimbo za mchakamchaka, kuliko meseji ya simu. Pale "wengi" wana sura na majina, na usipotokea utaulizwa. Kwa msichana anayetupiwa maneno akikimbia peke yake barabarani, kundi hilo humpa pia usalama, kitu ambacho asilimia yoyote ya kwenye bango haiwezi kumpa.