River Road pia inastahili kibao chake

Binamu yangu alikuja London mwezi jana na kabla hata hatujatoka eapoti akaniambia kitu anataka sana ni nimpeleke Abbey Road nimpige picha akivuka zebra. Jumamosi tukapanda basi namba 139, kufika tukapata watu wamejaa kando ya barabara wanangoja zamu, msichana mmoja ameshika viatu mkononi ndio awe miguu mitupu kama Paul McCartney, madereva wanapiga honi na hakuna anayejali. Ile picha ya Beatles ya kava la albamu yao ya Abbey Road ilipigwa tarehe 8 Agosti 1969, walitoka tu nje ya studio wakavuka barabara, na 2010 hiyo zebra ikawekwa kwa orodha ya vitu vinavyolindwa na sheria. Rangi nyeupe kwa lami jamani, inalindwa.

Nikasimama pale nikawaza River Road ya kwetu Nairobi mpaka machozi yakanilenga.

Mimi nimekulia Kariobangi, na mzee wangu akilipwa mwisho wa mwezi alikuwa ananishika mkono tunapanda matatu mpaka tao, tunateremka River Road kwa maduka ya kaseti. Spika imewekwa mlangoni, benga inalia mpaka unaisikia kwa kifua. Muuzaji anatoa kaseti kwa kava, anaizungusha kidogo na kalamu, anaiweka kwa redio, mzee anainamisha kichwa. Maneno hata hakuwa anasikiza sana, alikuwa anangojea pale mwimbaji ananyamaza na magitaa yanaanza kukimbizana, na yasipomshika anasema weka ingine, na yule mtu anaweka ingine bila kununa. Na huo muziki ulikuwa unatengenezwa hapo hapo, maprodyusa na studio walikuwa kwa hizo hizo ghorofa, watu wanatoka Nyanza, Ukambani, Murang'a na gitaa zao wanakuja kurekodi. Baadaye zikaja filamu za bei rahisi za Kikuyu, Kikamba na Kiswahili, mpaka watu wakaziita Riverwood.

Lakini mwambie mtu wa Nairobi unaenda River Road, atakwambia tu chunga simu. Sawa, wezi wako, sikatai, lakini hapa London kijana wa baiskeli anakupokonya simu mchana kweupe na bado watu wanapanda ndege kuja kuona barabara zao.

Na si ati Nairobi haijui kukumbuka. Mwezi mmoja tu kabla ya ile picha ya zebra, tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi Government Road, ndio Moi Avenue ya leo, na sanamu yake iko hapo karibu tangu 2011. Dedan Kimathi wa Mau Mau ako na yake tangu 2007. Hiyo ni haki yao kabisa. Kinachoniuma ni wale waliotuchezesha, hao hawana hata jiwe. Huku London wamekuwa wakibandika vibao kwa manyumba tangu miaka ya 1860, waandishi, wanamuziki, madaktari, unapita ukienda kazini unasoma fulani aliishi hapa. Ni kibao tu, hicho hakiwezi kushinda kaunti.

Desemba nilienda kutafuta lile duka la mzee. Siku hizi linauza kava za simu na chaja, kijana wa hapo hakuwa anajua mambo ya kaseti, lakini akaniitia mama mmoja mzee anauza chai kwa ngazi, huyo akanipandisha mpaka ghorofa ya pili akanionyesha mlango, akasema hapo ndo walikuwa wanaimba mpaka usiku. Mlango wa kijani, kufuli moja, hakuna maandishi yoyote.

Kama baba yako ama guka wako alirekodi River Road, muulize ni jengo gani, ghorofa ya ngapi, uandike mahali kabla hawa wazee hawajaisha. Mimi nishaandika huo mlango mmoja.