Taji la kilo saba na maji ya mikoa yote

Mei 4, 2019, katika Kasri Kuu la Bangkok, Mfalme Vajiralongkorn wa Thailand, siku ya kutawazwa kwake, aliketi na vazi jeupe akamwagiwa maji. Hayakuwa maji hivihivi tu. Yalitekwa kwenye vyanzo zaidi ya 100, katika mikoa yote 76 na Bangkok yenyewe, yakafanyiwa ibada, kisha yakachanganywa pamoja. Baadaye kuhani wa Kibrahmani, wa mila ya Kihindu, akamkabidhi taji la dhahabu lenye kilo 7.3. Akajivika mwenyewe, maana kwa mila zao hakuna wa kumvika mfalme.

Serikali ilitenga baht (sarafu ya Thailand) bilioni 1 kwa sherehe hizo. Wapo walioona ni israfu, hasa kwa mtu aliyekuwa ameshaketi kwenye kiti cha enzi tangu Desemba 2016. Kilibadilika nini? Kwa macho, mwavuli: kabla ya kutawazwa mfalme hukaa chini ya mwavuli wa tabaka saba, baada ya hapo tisa. Isitoshe, Wathai walikuwa bado wanasubiri matokeo rasmi ya uchaguzi wa Machi 24. Yalitoka sherehe zilipokwisha.

Ila kuiita maigizo matupu ni kuikosea haki. Mara ya mwisho shughuli kama hii ilifanyika mwaka 1950, alipotawazwa baba yake, Bhumibol. Wengi wa waliojipanga juani na mashati ya njano walikuwa hawajazaliwa. Na mkulima wa mpakani, anayejua kwamba maji ya mto wa kwao yamefika kichwani pa mfalme, amepewa kitu ambacho hotuba ya waziri haiwezi kumpa.

Ninapogoma ni pale watetezi wanaposema, “Ndiyo mila, haiguswi.” Imeguswa sana, tena na wafalme wenyewe. Zamani taji lilikuwa kifaa kimoja tu miongoni mwa vifaa vya enzi. Lilipata umuhimu wake wa leo baada ya Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, kuzoeana na falme za Ulaya. Kubwa zaidi ni la mwaka 1873. Mfalme Chulalongkorn, katika kutawazwa kwake kwa mara ya pili, alipiga marufuku watu kusujudu na kutambaa mbele ya mfalme, akisema ni desturi ya uonevu. Miaka 146 baadaye, televisheni zilionyesha watu wakijikunyata sakafuni mbele ya mjukuu wa mwanawe. Hiyo si mila iliyoshindikana kuachwa. Iliachwa, ikarudishwa.

Mjadala huu ungekuwa mtamu Wathai wenyewe wangeachwa waufanye. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinampa anayemkashifu mfalme kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, kwa hiyo ukimya wa aliyekuwa kando ya barabara siku ile huwezi kuuhesabu kuwa ni heshima wala kuwa ni hofu. Agosti 2020 vijana walipanda jukwaani kudai ufalme ufanyiwe mageuzi. Viongozi wao walishtakiwa kwa kifungu hichohicho.