Thotlakonda: magofu yainuliwe upya au yaachwe?

Kilomita zipatazo 15 kutoka Visakhapatnam, kandokando ya barabara ya pwani iendayo Bheemunipatnam katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, kuna kilima kinachoitazama Ghuba ya Bengal, na juu yake yamo magofu ya monasteri ya Kibudha yenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Yalionekana katika miaka ya 1970, Jeshi la Majini la India lilipokuwa likipima eneo hilo, kisha yakafukuliwa kuanzia 1988 hadi 1993.

Wanaotaka yajengwe upya wana hoja nzito. Mgeni asiyejua akiolojia hukuta misingi mifupi ya mawe na matofali, akapiga picha ya bahari, akaondoka bila kufahamu kama alisimama penye ukumbi wa ibada au penye jiko la watawa. Stupa kuu (jengo la ibada la Kibudha lenye umbo la kuba) iliyoinuliwa upya ilimpa angalau picha ya kilichokuwapo. Lakini mnamo Oktoba 2019, baada ya mvua kubwa, sehemu ya stupa hiyo iliporomoka. Inasikitisha zaidi kwa kuwa watawa wenyewe walikuwa wajuzi wa mvua: matangi waliyoyachonga mwambani ili kukinga maji yangalipo hadi leo.

Wapinzani wa ujenzi hutaja kwanza utulivu wa mahali hapo, hoja ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Sarafu za fedha za Kirumi na za madini ya risasi za Wasatavahana, nasaba ya wafalme wa kale wa India, zilizopatikana humo zinaashiria kwamba monasteri hiyo haikuwa mbali na biashara ya baharini, na yamkini wafanyabiashara walikuwa miongoni mwa wafadhili wake; ukimya wa sasa ulikuja baada ya watawa kuondoka. Hoja yao yenye uzito ni ya ushahidi: msingi huonyesha upana wa jengo, ila hauthibitishi kimo chake wala umbo la kilele, na kila tofali jipya hufunika swali ambalo mtafiti wa kesho angeweza kulijibu.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuyaacha, kwa sharti kwamba kuyaacha kusiwe kuyatelekeza. Fedha zitangulie kwenye mifereji ya maji na uimarishaji wa kuta za kale, na umbo la stupa lionyeshwe kwa mfano mdogo chini ya kilima, ambako ukikosewa unaweza kusahihishwa bila kugusa tofali la kale.