Paa na Shayiri: Dola ya Bonde la Ganga Ilizaliwa Shambani au Madhabahuni?

Katika Rigveda, nyimbo za dini za India ya kale na Veda (maandiko matakatifu) ya kwanza, zilizotungwa takriban kati ya 1500 na 1000 KK, limo neno la Kisanskriti bali (tusilichanganye na bali yetu). Mara nyingi ni sadaka anayopelekewa mungu, au mali ambayo kabila lililoshindwa vitani humpelekea mshindi. Karne kadhaa baadaye neno hilohilo ni kodi, na anayeidai ni mfalme wa kwenu. Naamini habari ya kuzaliwa kwa dola kaskazini mwa India imo ndani ya safari ya neno hili, na bado haijapewa uzito unaostahili.

Maelezo yaliyozoeleka huanza na chuma. Wanahistoria D. D. Kosambi na R. S. Sharma walijenga hoja kwamba bonde la Ganga lilikuwa msitu wenye udongo mzito. Shoka la chuma likaufyeka, plau ya chuma ikaulima, mpunga ukazidi mahitaji ya mlimaji, na ziada hiyo ikalisha wafalme, majeshi na miji. Hoja hii si ya kubezwa. Kisichokuwapo hakichukuliki. Wafugaji wa Rigveda, ambao neno lao la vita, gavishti, maana yake ni kutafuta ng'ombe, walikuwa na mifugo na ngawira. Maghala ya nafaka hawakuwa nayo.

Tatizo ni tarehe. Huko Malhar na Raja Nala ka Tila, mashariki mwa Uttar Pradesh, Rakesh Tewari na wenzake walifukua chuma ambacho vipimo vinakirudisha hadi mwanzoni mwa milenia ya 2 KK. Dola kubwa 16 zinazoorodheshwa katika maandiko ya Kibudha ni za karne ya 6 KK. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka 1000. Tuseme vipimo vimezidisha, tulikate pengo hilo nusu: bado ni vizazi 20 vya watu waliokuwa na chuma mkononi na hawakuwa na dola. Kilisubiri nini? Isitoshe, katika makazi ya enzi ya Veda za baadaye, kama Atranjikhera, chuma kinachofukuliwa kwa wingi ni ncha za mishale na mikuki, huku zana za kilimo zikiwa chache. Hata msitu wenyewe, Shatapatha Brahmana, kitabu cha kueleza matambiko ya Veda, inasimulia jinsi mfalme Videgha Mathava na kuhani wake walivyoufuata moto wa Agni, mungu wa moto, ukiunguza nchi kuelekea mashariki hadi mto Sadanira. Moto ndio uliotangulia. Wenye hoja ya chuma hujibu kwamba moto hauondoi visiki, na hapo wana haki.

Sasa tuangalie tambiko, ambalo wasomaji wengi huliruka wakiona ni mambo ya makuhani. Wimbo wa 173 katika kitabu cha 10 cha Rigveda, ambacho ni kati ya sehemu zilizotungwa mwisho, unamwomba mungu Indra awafanye watu wamletee mfalme bali, yeye peke yake. Si miungu, si wakuu wengine wa ukoo. Kisha ikaja rajasuya, tambiko la kumtawaza mfalme, ambamo alikwenda nyumba kwa nyumba kwa watu wake wakuu na kutoa sadaka kwa kila mmoja: kuhani, amiri wa jeshi, mkuu wa kijiji, na mmoja aitwaye bhagadugha. Tafsiri yake halisi ni mkama-fungu. Fungu ni sehemu ya mavuno, na huyu bwana kazi yake ni kulikama. Jina limetoka zizini, kazi imehamia ghalani, na mtu anayekamwa hayumo katika orodha ya wanaotembelewa.

Shatapatha Brahmana inakwenda mbali zaidi inapoeleza ashvamedha, tambiko la kumtoa farasi kafara. Vish, watu wa kawaida, ni shayiri. Dola ni paa. Na paa hula shayiri. Kuhani hakuwa akilalamika. Alikuwa akieleza tambiko limekusudiwa kuleta nini. Ninaposoma mistari hiyo naona dola ikijengwa kwa maneno kabla ghala halijajaa.

Mwanahistoria Romila Thapar ana pingamizi zito: makafara hayo makubwa yaliteketeza na kugawa mali ambayo ingejaza hazina, kwa hiyo yalichelewesha dola. Nakubali kuhusu hazina. Lakini kilichobaki baada ya moto kuzimika ni haki ya kuchukua, nayo haiungui. Gautama Dharmasutra, kitabu cha sheria cha baadaye, inapofika, fungu la mfalme limekwisha kuwa hesabu: moja ya kumi, ya nane au ya sita ya mavuno.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni Magadha, mojawapo ya zile dola 16. Ndiyo iliyozishinda dola nyingine, ilikuwa karibu na machimbo ya chuma, na Atharvaveda yenyewe, Veda nyingine, ilikuwa ikiwaombea watu wake homa, kana kwamba ni wageni wasio wa matambiko haya. Ila mtazame jirani yake ng'ambo ya Ganga, Vajji, wenye makao yao Vaishali. Walikuwa na mpunga uleule na chuma kilekile, lakini walitawaliwa na baraza la koo za Kikshatriya, yaani za tabaka la wapiganaji, bila mfalme wa kurithi. Baraza hilo halikuwa la watumwa wala vibarua, hilo lazima lisemwe. Hata hivyo linaonyesha kwamba udongo na zana havikumlazimisha mtu kuwa na mfalme. Vajji waliangushwa na Ajatashatru wa Magadha katika karne ya 5 KK.

Katika nchi hizohizo za mashariki Wabudha walisimulia asili nyingine ya ufalme, iliyomo katika Aggañña Sutta, mojawapo ya mahubiri ya Buddha. Wizi ulipozidi mashambani, watu walimchagua mmoja wao, wakamwita Mahasammata, aliyekubaliwa na wengi. Awakemee na kuwafukuza wakosaji, nao watampa fungu la mpunga. Humo hamna paa wala shayiri. Mlimaji anatoa fungu kwa mkono wake, na anajua analipia kazi gani.