Nilivyomuua Kauboi kwa Kipindupindu

Kazi yangu huku Nebraska ni kutunza wazee. Kuogesha, kulisha, kutandika vitanda, na kwa bibi mmoja hivi, kusoma riwaya. Alikuwa mwalimu wa historia. Macho yamechoka, masikio ndiyo usiseme: ukimsomea kwa sauti ya kistaarabu anakuuliza kama unasali. Basi nilikuwa nasoma kama mpiga debe wa stendi, mle mle ukumbi wa chakula, wazee wengine wakijifanya wanatazama televisheni.

Riwaya zake ni zile za mapenzi ya enzi za magharibi ya Marekani. Jaladani mwanamume kasimama na farasi, shati wazi mpaka kitovuni, na nyuma yake milima imejaa theluji. Tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka 1852: binti yatima anaondoka Independence, Missouri, na msafara wa kwenda Oregon, njiani anakutana na kauboi mwenye macho ya huzuni. Kitakachotokea unakijua. Zile kurasa mia tatu ni za kukichelewesha tu.

Sasa huyu bibi yangu hakuwa msikilizaji, alikuwa msahihishaji.

"Kauboi mwaka 1852 anachunga ng'ombe wa nani? Enzi yao ilikuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha, 1865!"

Binti akapanda gari la turubai linalokokotwa na farasi wanne. "Maksai! Farasi hawezi kuvuta mzigo ule kwa nyasi zile. Na huyo binti hakupanda, alitembea." Zaidi ya kilomita 3,000, miezi minne mpaka sita, kwa miguu! Binti akanukia waridi. "Waridi limetoka wapi, wakati anapikia mavi ya nyati?" Hapo sina ubishi. Bonde la mto Platte, ambalo ni huku huku kwetu, halikuwa na kuni za maana, kwa hiyo akina mama waliokota kinyesi kikavu wakakibeba kwenye aproni. Mwandishi hilo kalirukia mbali.

Ikafika mahali kauboi kachanwa mkono na seng'enge, ili binti apate sababu ya kumvua shati amfunge bendeji. Bibi akapiga meza.

"Glidden alipata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874! Huyu kachanwa na kitu ambacho hakijazaliwa!"

"Kwa hiyo shati lisivuliwe?"

Akafikiri kidogo. "Endelea."

Nikaendelea mpaka usiku wa mvua, wawili peke yao chini ya turubai. Macho yangu yalishatangulia mistari kadhaa mbele, nikaona tunakokwenda. Jamani, mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa na bibi mzaa mama, bakora iko nyuma ya mlango. Maneno yale nimpigie kelele mtu wa rika lake, tena hadharani, juu ya uji wa shayiri? Kinywa kikagoma.

"Usiku ule ule," nikasoma pasipoandikwa, "kauboi akashikwa na kipindupindu."

Bibi akaweka mkono kifuani. "Ndivyo kilivyokuwa. Asubuhi mtu mzima, jioni maiti. Kumbe mwandishi huyu nilimdharau bure! Wakamzika wapi?"

"Kando ya mto."

"Aa, njiani! Walizika katikati ya njia, magari yakapita juu, mbwa-mwitu wasije wakafukua."

Nikamzika njiani, nikapitisha magari juu yake. Kugeuka, namwona mkulima mmoja mstaafu wa mahindi ameizima televisheni. Bibi anayefumaga soksi naye anafuta macho. "Na yule binti atabaki na nani?" Kumbe ukumbi mzima ulikuwa safarini na sisi tangu Missouri.

Nikafungua ukurasa unaofuata. Sura mpya, asubuhi, kauboi yuko mtoni ananawa uso, anapiga mluzi.

"Asubuhi," nikasema, jasho linanitoka, "akatokea... pacha wake."

"Katokea wapi?" akauliza mkulima.

"California."

"Kwa siku moja?" Bibi alikuwa ameshanikunjia uso. "Msafara ulienda kama kilomita 24 kwa siku!"

"Na ana kovu?" akadakia mfuma soksi. Nikachungulia kitabu. Kauboi alikuwa anafungua bendeji.

"Naye alichanwa. Na seng'enge."

"MWAKA 1852!"

Bibi akanyoosha mkono. "Lete hapa."

Akatoa lenzi yake kubwa mkobani, akarudi kurasa mbili nyuma, akasoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Akanitazama. Akatazama ukumbi. Nadhani hapo ndipo alipoamua kwamba waombolezaji wana haki ya kujua. Kile kisikizi chake kilikuwa mezani, betri imekwisha, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua sauti yake inafika wapi. Ilifika jikoni. Alisoma kila kifungo na kila pumzi, kwa matamshi ya mwalimu anayetoa imla, akasimama mara moja tu kutoa maoni: "Korseti ya wakati ule haifunguki kwa mkono mmoja."

Mlango ukafunguka. Msimamizi wangu alikuwa akiitembeza familia moja iliyotafuta mahali pa kumweka mama yao, na alikuwa amefikia kwenye maelezo ya mazingira tulivu. Binti, mkwe, na mama mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu. Wakaganda. Bibi, hana habari, akafungua ukurasa mwingine.

Msimamizi akanikazia macho. Mimi nikashika jagi, nikaanza kumimina maji kwenye glasi iliyokwishajaa.

"Labda tuanze na bustani," akasema yule binti, akikigeuza kiti haraka. Hakikwenda. Mama yake alikuwa amevuta breki.

"Bustani haihami," mama akasema. "Nisogezeni pale, huku sisikii vizuri."